Bastola yenye fuvu si ya Blackbeard, lakini usiipuuze

Swali: "Shikamoo mwalimu. Tangu utotoni napenda habari za maharamia wa baharini, na sasa nimepata kazi nataka kuanza kukusanya silaha zao. Kuna mtu ananiuzia bastola na upanga, anasema vyote vilitoka kwenye meli ya Blackbeard. Bastola ina mtutu mfupi, ndoano ya chuma ubavuni, na mdeki (fimbo ya kushindilia risasi) uliofungwa kwa bawaba chini ya mtutu. Nyundo yake hugonga kichuchu kidogo chenye tundu. Kwenye mtambo pamechorwa taji, herufi VR na neno TOWER. Kitakoni kuna fuvu la shaba lililoshikizwa kwa skrubu mbili za nyota. Upanga umepinda na unang'aa kama kioo, na ala yake ina mafuvu pia. Bei ya vyote viwili ni mshahara wangu wa miezi miwili. Ninunue? Na mtu anaanzaje jambo hili bila kuliwa pesa wala kuingia matatani?"

Marahaba, kijana wangu. Umeniandikia kwa makini, na umakini huo umekuokoa kabla hujatoa hata senti. Upanga achana nao. Bastola usiinunue kwa bei hiyo wala kwa hadithi hiyo, lakini usiondoke bila kuichunguza, kwa sababu alama ulizozitaja zinasimulia habari nyingine kabisa na huenda ikawa habari ya kweli.

Tuanze na herufi VR. Ni kifupi cha maneno ya Kilatini yenye maana ya Malkia Victoria, aliyekalia kiti cha Uingereza mwaka 1837. Blackbeard, haramia ambaye jina lake lilikuwa Edward Teach, aliuawa tarehe 22 Novemba 1718 huko Ocracoke, North Carolina, Marekani, alipovamiwa na Luteni Robert Maynard na watu wake. Yaani alikwisha kufa miaka 119 kabla ya herufi hizo kuanza kuchorwa kwenye silaha yoyote. Silaha ya serikali ya Uingereza ya siku zake ingekuwa na AR, ya Malkia Anne aliyetawala kuanzia 1702 hadi 1714, au GR, ya mfalme George wa kwanza aliyemfuatia. Jifunze herufi hizi kwa moyo. Ni kazi ya jioni moja, na zitakulinda maisha yako yote ya ukusanyaji.

Kisha kuna kile kichuchu. Bastola yako ni ya fataki: nyundo hugonga kifuniko kidogo cha shaba chenye kemikali, nacho hutoa cheche inayoingia mtutuni. Kuwasha baruti kwa kemikali inayolipuka ikigongwa ni wazo alilolisajili mchungaji mmoja wa Scotland, Alexander Forsyth, mwaka 1807, na vifuniko vyenyewe vilianza kuenea miaka ya 1820. Maharamia unaowapenda walitumia gumegume. Jiwe lilibanwa kwenye mdomo wa nyundo, likagonga bamba la chuma, cheche zikaangukia kisahani chenye baruti, na moto ukapenya kwenye tundu hadi ndani ya mtutu. Ukiona kichuchu cha fataki, ama silaha ilitengenezwa karne ya 19 au baadaye, ama ilikuwa ya gumegume ikabadilishwa. Kubadilisha kulifanyika sana, kwa hiyo angalia ubao wa chuma wa mtambo kama una matundu yaliyozibwa pale ambapo kisahani na springi ya bamba vilikaa.

Sasa fuvu. Skrubu za nyota ni ubunifu wa miaka ya 1930. Henry Phillips wa Marekani alipata hataza zake mwaka 1936. Fuvu hilo limepachikwa na mtu aliyetaka kuuza. Ila usije ukahukumu kila sura ya shaba kitakoni kuwa ya uongo, kwa maana bastola nyingi za kiungwana za karne ya 18 zilipambwa hapo kwa vinyago vya kutisha, vya shaba au vya fedha. Ilikuwa mitindo ya matajiri wa bara, wala haikuhusu maharamia.

Ukiondoa fuvu unabaki na nini? Mtutu mfupi, ndoano ya kuning'iniza mkandani, mdeki wa bawaba ambao hauwezi kudondoka baharini, mtambo wa fataki, VR na TOWER. Hiyo ndiyo sura ya bastola ya jeshi la majini la Uingereza ya muundo wa 1842. Mtutu wake wa asili una urefu wa karibu sentimita 15. Chukua rula upime. Sijaishika mkononi, na nakala zake zipo, hivyo siwezi kukuthibitishia kwa maandishi tu. Lakini kama ni ya kweli, basi muuzaji wako ameifunika silaha halisi ya mabaharia kwa uongo wa kitoto, na ametoboa kitako chake ili kupachika uongo huo. Nimeona jambo hili mara nyingi na kila mara linaniuma.

Hapa ndipo ninapotaka utulie kidogo, kwa sababu ukilishika neno hili moja mengine yatakuja yenyewe: silaha ya haramia haipo. Hapakuwa na mhunzi aliyefua panga za maharamia wala fundi aliyewaundia bastola zao. Haramia alikuwa baharia aliyeasi. Alibeba alichokikuta kwenye meli aliyoiteka: panga za wafanyabiashara, bunduki za kuwindia, bastola za maofisa, mizinga ya mataifa tofauti sitaha moja. Meli ya Blackbeard yenyewe, Queen Anne's Revenge, ilikuwa meli ya Kifaransa ya kubeba watumwa iliyoitwa La Concorde kabla hajaiteka mwaka 1717. Mabaki yake yaligunduliwa mwaka 1996 karibu na Beaufort, North Carolina, na mizinga iliyopatikana humo haikufuliwa mahali pamoja; mingine ilitoka Sweden. Vitu vilivyoopolewa humo viko chini ya serikali ya jimbo hilo, na wataalamu wanajua kila kimoja kiko wapi. Mtu anayekuambia ana bastola ya meli hiyo ndani ya boksi anakuambia ama ni mwizi ama ni mwongo.

Sikuambii haya ili nikuvunje moyo. Yananifurahisha, kwa sababu yanafungua mlango mpana kuliko ule uliokuwa ukiugonga. Kama haramia alitumia silaha za kila baharia, basi silaha yoyote ya baharini ya kati ya 1690 na 1730 ingeweza kushikwa na mkono wa haramia. Tafuta silaha za baharini za kipindi hicho, au nakala zake nzuri, na neno "haramia" waachie wauzaji.

Na maharamia walizipenda silaha zao. Kanuni za meli ya Bartholomew Roberts, aliyeuawa karibu na Rasi Lopez, Gabon, mwezi Februari 1722, zilimtaka kila mtu aweke bunduki, bastola na upanga wake safi na tayari kwa kazi. Kutoka Whydah, meli ya Samuel Bellamy iliyozama karibu na Cape Cod tarehe 26 Aprili 1717, iliopolewa bastola ikiwa bado na utepe wa hariri. Utepe huo ulikuwa na kazi. Bastola ya gumegume hutoa risasi moja, na kuijaza tena katikati ya mapigano juu ya sitaha inayoyumba ni ndoto, hivyo mtu alining'iniza bastola kadhaa mwilini, akifyatua moja anaiachia anashika nyingine. Ndiyo sababu Blackbeard alisifika kwa kuvaa bastola sita kifuani. Baada ya hapo kazi ilikuwa ya upanga. Maynard aliandika kwamba Blackbeard alianguka akiwa na majeraha 5 ya risasi na 20 ya kukatwa.

Upanga wenyewe ulikuwa mfupi, na kwa sababu. Sitaha imejaa kamba, ngazi, mapipa na watu, na ukiinua upanga mrefu utanasa juu kabla hujamfikia adui. Baharia alihitaji bapa pana kiasi, zito kiasi, la kukata bila ufundi mwingi, tena la kukatia kamba pia. Katika miaka ya Blackbeard ulikuwa ni aina ya upanga wa kuwindia, wenye kinga ya mkono ya shaba au chuma, mara nyingi yenye umbo la kombe. Ule upanga mweusi wenye kinga ya visahani viwili vilivyoungana kama namba 8, ambao wauzaji wengi huuita wa maharamia, ni muundo wa 1804 wa jeshi la majini la Uingereza. Bapa lake limenyooka, la sentimita 74 hivi. Ni silaha nzuri mno, na mkusanyaji wa vitu vya baharini anapaswa kuwa nayo siku moja. Ila ni ya mabaharia wa Nelson, amiri wa Uingereza wa zama hizo za baadaye, Blackbeard asingeitambua.

Kuna pia bastola ambazo watu huziita za Malkia Anne, ambazo mtutu wake hufunguliwa kama kifuniko cha chupa ili risasi iwekwe kwa nyuma. Hizo ni za zama zenyewe. Mashoka ya mabaharia ya kuvamia meli ya adui yapo na husahauliwa na wanaoanza, ingawa ni rahisi kuyahifadhi. Na ukikutana na bunduki fupi yenye mdomo mpana kama tarumbeta, usiamini kwamba upana huo hutawanya risasi. Faida yake kubwa ni kwamba baruti na risasi huingia upesi hata mkono ukitetemeka.

Turudi kwenye upanga wako unaong'aa kama kioo. Chuma kisichoshika kutu kilianza kufuliwa Sheffield na Harry Brearley mwaka 1913. Upanga wa miaka 300 kwa kawaida haung'ai hivyo. Unakuwa na rangi ya kijivu au ya kahawia, madoadoa, na vishimo vidogo vya kutu ya zamani. Usitegemee sumaku kukuamulia, kwa kuwa baadhi ya vyuma visivyoshika kutu navyo hunaswa. Tazama msuka, ile sehemu ya bapa inayoingia ndani ya mpini. Kwenye upanga wa kazi msuka ni mnene, hupita mpini mzima, na ncha yake hugongwa ikasambaa juu ya kirungu cha mwisho. Kwenye pambo la ukutani msuka ni kijiti chembamba kilichochomelewa na kukazwa kwa nati. Ukiuzungusha upanga wa namna hiyo kwa nguvu, bapa linaweza kuchomoka na kumpata mtu. Usiruhusu rafiki yeyote auchezee. Uzito nao hudanganya wageni: panga halisi za mabaharia mara nyingi hazifiki kilo moja na nusu, ilhali mapambo mengi ni mazito kama nondo, kwa kuwa aliyeyatengeneza hakuwaza kwamba mtu atayatumia kwa dakika kumi mfululizo.

Sidharau nakala. Mkusanyaji anayesema asilia tu ndiyo silaha anawafukuza wanaoanza. Kampuni ya Denix ya Hispania hutengeneza bastola za kuangalia tu, za aloi ya zinki, ambazo haziwezi kufyatua, nazo zinafaa kujifunzia umbo na ukubwa. Nyumba kama Pedersoli ya Italia hutengeneza nakala zinazofyatua kweli kwa baruti nyeusi, na hizo ni silaha kamili, zinaua. Tatizo linaanza pale nakala inapouzwa kwa jina la asilia. Neno TOWER, kwa mfano, lilikuwa alama ya ghala la silaha za serikali huko London, na ni miongoni mwa alama zinazoigwa sana. Pamoja nayo tafuta alama za ukaguzi kwenye mtutu karibu na mtambo. Silaha za Liège, Ubelgiji, zina herufi ELG ndani ya umbo la yai, zikaongezewa taji mwaka 1893. Ukiona jina la nchi limeandikwa kwa Kiingereza kama lebo, ujue sheria ya forodha ya Marekani ya 1890 ndiyo iliyowalazimisha watengenezaji kuandika hivyo kwenye bidhaa za kupeleka huko, kwa hiyo hicho si kitu cha karne ya 18.

Sasa nakuomba usome aya hii mara mbili. Bunduki na bastola za kujazwa kwa mdomo hukutwa zimejaa. Mtu aliijaza, hakuifyatua, akafa, ikarithiwa, ikauzwa, na baruti bado imo. Baruti nyeusi ikiwa kavu haisahau kazi yake hata baada ya karne mbili. Mwezi Januari 2013, mafundi waliokuwa wakisafisha kutu kwenye mzinga wa meli ya HMS Hussar, iliyozama New York mwaka 1780, waligundua ndani yake baruti na tufe la chuma. Mzinga huo ulikuwa umekaa miaka mingi katika bustani ya Central Park, watu wakipita kando yake. Kwa hiyo kabla ya jambo lingine lolote, chukua kijiti cha mbao, kiingize taratibu mtutuni hadi kigote, kitie alama kwenye mdomo wa mtutu, kisha kitoe ukilaze juu ya mtutu kwa nje. Kama ncha yake haifiki usawa wa kichuchu au tundu la moto, kuna kitu ndani. Usikichokonoe, usiwashe taa ya moto, usijaribu kifyatuo. Iweke mdomo ukielekea pasipo mtu, uite fundi wa bunduki mwenye leseni au polisi. Wakati wote huo mdomo usielekee uso wako, hata unapochungulia alama.

Kuhusu matatani: sheria hutofautiana sana kati ya nchi na nchi, na neno la muuzaji kwamba "ni ya kale, haina shida" halina uzito wowote. Marekani, sheria ya shirikisho ya 1968 huhesabu silaha iliyotengenezwa mwaka 1898 au kabla kuwa ya kale. Uingereza, tangu tarehe 6 Aprili 2008, ni kosa kuuza au kuingiza panga zilizopinda zenye bapa la sentimita 50 au zaidi, isipokuwa kama ni za kabla ya 1954 au zimefuliwa kwa njia za jadi, na kuna misamaha mingine michache. Nchi nyingine hazitofautishi gobori la babu na bunduki ya leo: zote zinadai leseni, na hata pambo la zinki lenye sura ya bastola linaweza kukuletea kesi. Nenda kituo cha polisi au ofisi inayotoa leseni za silaha kabla ya kununua, uulize kuhusu kitu hichohicho kwa jina na picha, upate jibu kwa maandishi. Usisafirishe chochote kuvuka mpaka kabla ya kuuliza pande zote mbili. Mpini wa pembe ya ndovu au gamba la kasa una sheria zake za kimataifa za wanyamapori, na forodha inaweza kuutaifisha hata ukiwa wa kale. Silaha ikiwa njiani ifungwe ndani ya kasha. Ikiwa nyumbani ikae ambapo mtoto hafiki. Mtu akiona bastola mkononi mwako barabarani hataona historia, na askari naye hataiona.

Ukishanunua, jizuie kuisafisha. Upanga wangu wa kwanza wa asilia niliusugua kwa msasa hadi ukawa mweupe, nikafurahi wiki nzima, kisha mzee mmoja mkusanyaji aliushika, akaugeuza mara moja, akaniuliza kwa upole alama ya mfuaji imekwenda wapi. Nilikuwa nimeifuta. Miaka 200 ya rangi ya uzee, na jina la mtu aliyeufua, vyote viliisha mchana mmoja kwa mikono yangu. Kutu nyekundu inayotoa unga iondoe kwa mafuta mepesi na kitambaa, taratibu, kwa siku nyingi. Rangi nyeusi au ya kahawia iliyotulia iache. Kisha paka nta. Wengi wetu hutumia Renaissance Wax, iliyobuniwa British Museum miaka ya 1950. Shika chuma kwa glavu, maana chumvi ya jasho huacha alama ya kidole inayogeuka kutu. Na usihifadhi upanga ndani ya ala yake ya ngozi. Ngozi hunyonya unyevu na ina asidi za kukaushia, nazo hulila bapa kimyakimya. Viweke kando kwa kando.

Chuma kilichotoka baharini kikwepe kabisa, hata kikiwa halisi. Chumvi imeingia hadi kiini chake, na kikikauka bila matibabu hupasuka vipandevipande. Mizinga ya Queen Anne's Revenge hulazwa kwenye matangi ya maji yenye dawa na umeme hafifu kwa miaka kadhaa ili chumvi itoke. Huwezi kufanya hivyo nyumbani. Tena vitu vingi vya namna hiyo vimeporwa kwenye mabaki ya meli, na mapatano ya UNESCO ya 2001 yanapinga biashara yake. Kisu kilichoporwa kutoka chini ya bahari kimepoteza nusu ya maana yake siku kilipotolewa bila mtu kuandika kilikuwa kimelala wapi na kando ya nini.

Kuhusu kuanza: miezi sita ya kwanza usinunue kitu. Tembelea makumbusho, omba kushika panga za wakusanyaji wakongwe (wengi watakubali ukiuliza kwa adabu), soma orodha za minada na ulinganishe picha. Kisha nunua kitu kimoja kizuri badala ya vitano hafifu. Fungua daftari: kila silaha iwe na ukurasa wake, wenye vipimo, uzito, alama, jina la aliyekuuzia, tarehe, na risiti imebandikwa hapo. Silaha yenye historia iliyoandikwa ina thamani kuliko pacha wake asiye na karatasi.

Kwa sasa rudi kwa muuzaji. Mwambie upanga huutaki, na bastola unataka kuitazama bila hadithi. Fanya kipimo cha kijiti kwanza. Kisha pima mtutu, upige picha ya mtambo kwa karibu, ya alama zote juu ya mtutu, ya ndoano, na ya yale matundu ya skrubu kwenye kitako. Mbao mpya iliyotobolewa huwa nyeupe ndani, na nataka kuiona. Usikubali aifungue mbele yako kwa bisibisi yoyote iliyo karibu, kwani skrubu za zamani huharibika vichwa kwa dakika moja. Nitumie picha hizo kabla hujataja bei yoyote.